Kanga Hazai Ugenini: Safari ya Jina la Ndege

Waswahili husema kanga hazai ugenini. Maana ya methali hii yajulikana na wengi: mgeni hana uhuru wa mwenye nyumba, na jambo zito kama uzazi hutaka mahali pa kutulia. Aliyeitunga methali hiyo alimjua vyema ndege mwenyewe. Kanga jike hutaga chini, katika kishimo alichokiparua kwa miguu yake ndani ya manyasi marefu au chini ya kichaka, na hukificha kiota chake kwa ustadi mkubwa. Akisumbuliwa, aghalabu hukihama. Waliomfuga wanajua jinsi anavyoweza kuishi na kuku uani kwa miaka, akala pamoja nao, kisha ukifika wakati wa kutaga akatoroka kwenda kutafuta pori.

Hayo ni ya ndege. Ama jina lake, hasa jina alilopewa na Waingereza, lina hadithi nyingine kabisa. Jina hilo lilizaliwa ugenini, likakulia ugenini, na njiani likazaa majina mengine yaliyowaendea wanyama, mimea na sarafu. Leo jina hilo limerudi hadi kwa ndege mwenyewe, katika nchi aliyokuwa akiishi siku zote bila ya kulijua.

Katika bonde la Rukwa, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iko kata ya Kasansa. Hii ni nchi ya Wapimbwe, ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa ndani ya Wilaya ya Mpanda katika Mkoa wa Rukwa, na ambayo tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa mpya wa Katavi. Mashamba ya mahindi na mpunga yanapakana huko na miombo, na mahali ambapo shamba hukutana na pori ndipo mahali pa kanga. Alfajiri hushuka kutoka mitini alikolala na wenziwe, akatembea kwa kundi, akichakura mchwa, wadudu na punje zilizodondoka. Akishtushwa hukimbia kwanza, na kuruka ni jambo la mwisho. Kelele zake husikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana.

Mtoto wa Kasansa humjua ndege huyu kabla ya kujua kusoma. Humjua kwa mlio, kwa unyoya mweusi wenye vidoto vyeupe, kwa kichwa kitupu cha buluu chenye pembe utosini. Katika shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili, na kanga hubaki kanga. Akivuka kwenda sekondari, ambako masomo hufundishwa kwa Kiingereza, ndege yule yule humjia kwa jina la "guinea fowl". Mwanafunzi makini hufungua atlasi akaitafuta Guinea, na huikuta upande wa pili wa bara, kwenye pwani ya Atlantiki, maelfu ya kilomita kutoka Mpanda. Swali lake ni la haki: ndege wa kwao amekuwaje wa huko?

JINA LA NYUMBANI

Kabla ya kulijibu swali hilo yafaa kwanza kulitazama jina ambalo ndege alikuwa nalo. Neno kanga halikubuniwa pwani wala halikutoka ng'ambo. Wataalamu wa isimu linganishi wanalihesabu miongoni mwa maneno ya kale kabisa ya lugha za Kibantu, na mzizi wake wameurejesha kuwa *-kanga. Wachewa husema nkhanga, Wabemba husema ikanga, Washona husema hanga, na hata Watswana, ambao sauti za lugha yao zimebadilika sana, bado husema kgaka. Sauti zimegeuka kila mahali kwa kufuata kanuni za kila lugha, na neno limebaki lile lile kutoka ukingo wa msitu wa Kongo mpaka karibu na jangwa la Kalahari.

Jambo hili lina uzito wake. Kuku, ambaye leo amejaa katika kila ua, ni mgeni katika Afrika. Asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, na alifika barani baadaye. Kanga ni mwenyeji. Waliokuwa wakihama na majembe na mbegu zao, kizazi baada ya kizazi, walimkuta katika kila nchi mpya waliyoingia, na kwa kuwa walimkuta hawakuhitaji kumtafutia jina jipya. Jina lilihama pamoja na watu, na kila lilipofika lilimkuta mwenyewe akilingoja.

Kiswahili kilifanya zaidi ya kulihifadhi. Kililigawa neno moja katika maana mbili na kikazitenganisha kwa sarufi peke yake. Mtu akisema "kanga yule anakimbia", hapana shaka kwamba anamsema ndege. Akisema "kanga ile imechanika", anaisema nguo. Habari ya nguo itakuja mahali pake.

WALIOMWONA KWA MBALI

Watu wa kwanza kuliandika jina la kanga walikuwa Wamisri wa kale. Katika maandishi yao ya picha imo alama ya kanga, ambayo ilisimamia sauti za konsonanti mbili, takriban "nh". Hivyo kanga alikuwa ni herufi kabla hajawa kitoweo cha wafalme wa kaskazini.

Wagiriki walimwita meleagris, na wakaliundia jina hilo kisa. Shujaa Meleagros alipokufa, dada zake walimlilia bila ya kukoma, mpaka mungu wa kike Artemis akawageuza kuwa ndege. Machozi yao yakabaki juu ya manyoya, na ndiyo vile vidoto vyeupe. Warumi hawakushughulika sana na machozi. Wao walimnunua ndege kutoka Afrika ya Kaskazini na wakamwita kwa jina la alikonunuliwa. Varro, mwanazuoni aliyeishi katika karne ya kwanza kabla ya Masihi, anamtaja kuwa ni kuku wa Afrika, na anaeleza kuwa huyo ndiye Wagiriki wanayemwita meleagris. Columella, aliyeandika juu ya kilimo katika karne iliyofuata, aliwatofautisha wawili: yule wa Numidia mwenye ndevu nyekundu, na meleagris mwenye ndevu za buluu. Numidia ni nchi iliyokuwa takriban mahali ilipo Algeria ya leo.

Tangu hapo kanuni ilikwisha kuwekwa. Aliye mbali hampi ndege jina kwa anavyolia wala kwa anavyoishi. Humpa jina la bandari aliyotokea, au la mfanyabiashara aliyemleta. Dola ya Rumi ilipoanguka upande wa magharibi, ufugaji wa kanga ulififia katika sehemu kubwa ya Ulaya. Aliporejea, karne nyingi baadaye, alirejea kwa njia mpya na mikononi mwa watu wapya.

NDEGE WAWILI, JINA MOJA

Hapa ndipo Kiingereza kinapoingia, na kinaingia kwa kosa. Katika miaka ya 1540 Waingereza walikuwa na neno "turkey-cock", yaani jogoo wa Uturuki. Kwa mujibu wa wanahistoria wa lugha hiyo, jina hilo lilimhusu kwanza kanga wa Afrika, aliyefika Uingereza kupitia biashara ya nchi zilizokuwa chini ya dola ya Waturuki wa Uthmaniya. Lakini katika karne hiyo hiyo Wahispania walikuwa wamemleta Ulaya ndege mwingine kutoka Meksiko, mkubwa zaidi, mwenye shingo tupu na madaha ya kujitanua mkia. Waingereza waliwachanganya wawili hao. Wote walikuwa wakubwa kuliko kuku, wote walikuwa na vichwa vitupu, na wote walitoka mbali. Jina la Uturuki likawafunika wote, kisha pole pole likamhama kanga na kumkaa yule wa Meksiko, ambaye Waswahili wamwita bata mzinga.

Alama za mchanganyiko huo zimebaki. Mwaka 1550 bwana mmoja wa Kiingereza, William Strickland, ambaye husemekana kuwa aliwaleta ndege hao kutoka Marekani, aliruhusiwa kuweka picha ya bata mzinga katika nembo ya ukoo wake. Mwishoni mwa karne hiyo Shakespeare, katika sehemu ya kwanza ya mchezo wake juu ya Mfalme Henry wa Nne, aliwatia ndege hao mdomoni mwa mchukuzi wa mizigo, ilhali visa vya mchezo vinatokea mwanzoni mwa karne ya 15, kabla ya Mzungu yeyote wa zama hizo kulifika bara la ndege huyo. Jina lilikwisha kuzoeleka kiasi kwamba hakuna aliyejiuliza lilikotoka.

Mwanasayansi Carl Linnaeus wa Uswidi, alipowapanga wanyama wote kwa majina ya Kilatini mwaka 1758, hakuuondoa mkanganyo huo. Aliukamilisha. Bata mzinga wa Marekani akapewa jina la Meleagris, lile jina la Kigiriki la kanga, na machozi ya dada za Meleagros yakahamishiwa kwa ndege asiye na vidoto. Kanga mwenyewe leo huitwa Numida meleagris, jina linalomfanya mtu wa Numidia na mfiwa wa Ugiriki kwa wakati mmoja, ijapokuwa wengi wa kanga wa dunia hawajapata kuiona Numidia.

Si Waingereza peke yao waliopotea. Wafaransa humwita bata mzinga kwa neno lenye maana ya "wa India". Waturuki wenyewe, ambao jina la nchi yao limetumika, humwita "hindi". Waholanzi wamemwita kwa jina la mji wa Calicut ulioko pwani ya Malabar. Wareno humwita "peru". Wamisri husema diki rumi, yaani jogoo wa Rumi, na watu wa Sham husema diki habashi, jogoo wa Uhabeshi. Kila taifa lilimwonyesha kidole jirani yake, na hakuna hata moja lililoonyesha Meksiko. Ilhali huko Meksiko wenyeji walikuwa na jina lao, huexolotl, ambalo hata leo linasikika katika Kihispania cha nchi hiyo kwa umbo la guajolote. Mambo yaliyomfika kanga yalimfika na huyu pia.

GUINEA NI WAPI?

Kanga alipokwisha kunyang'anywa jina la Uturuki ilibidi apewe jingine. Wareno, tangu karne ya 15, walikuwa wakisafiri pwani ya Afrika ya Magharibi, nchi waliyoiita Guiné, na kutoka huko waliwaleta kanga upya Ulaya. Wao wenyewe walimwita "pintada", yaani aliyetiwa rangi au madoa, na Wafaransa wakalichukua neno hilo. Hilo ni jina la mtu aliyemtazama ndege. Waingereza walichagua njia ya Warumi. Katika nusu ya pili ya karne ya 16 walianza kumwita kuku wa Guinea, na jina hilo ndilo lililobaki.

Lakini katika Kiingereza cha zama hizo Guinea haikuwa nchi yenye mipaka. Ilikuwa ni jina la biashara. Kutoka Guinea zilikuja dhahabu, pembe za ndovu, na watu waliotiwa minyororo. Mwaka 1663 serikali ya Uingereza ilianza kupiga sarafu ya dhahabu, na kwa kuwa sehemu kubwa ya dhahabu hiyo ilitoka pwani ile, sarafu yenyewe ikaitwa "guinea". Kuanzia mwaka 1717 thamani yake iliwekwa kuwa shilingi 21. Neno moja likawa linamtaja ndege mezani na pesa ya kumnunulia, na nyuma ya yote mawili kulikuwa na pwani moja na merikebu zile zile.

Neno hilo likaendelea kuenea. Mtama ukaitwa "guinea corn". Majani marefu ya malisho, ambayo asili yake ni Afrika, yakaitwa "guinea grass". Mnyama mdogo wa kufugwa kutoka milima ya Andes, ambaye hakuwa na uhusiano wowote na Afrika, akaitwa "guinea pig". Mwaka 1545 baharia wa Kihispania aliyefika kisiwa kikubwa cha bahari ya Pasifiki alikiita Guinea Mpya, kwa kuwa watu wake walimkumbusha watu wa pwani ya Afrika. Hivyo mkulima wa Kasansa akipanda mtama, kanga wakitoka katika majani marefu na kuushambulia, Kiingereza kitalieleza tukio lote kwa kulitaja jina la Guinea mara tatu. Shamba liko Rukwa, mkulima ni Mpimbwe, na maneno yote ni ya pwani ambayo yeye, ndege na mtama hawajaifika.

Kuna mahali pamoja ambapo jina la Guinea lilipata maana ya heshima, na waliolipa maana hiyo ni wale waliosafirishwa kwa nguvu. Kanga walivuka Atlantiki pamoja na biashara ya utumwa. Katika kisiwa cha Haiti, watoro waliokimbilia milimani walimwona ndege huyu aliyekataa kufugika, aliyerudi porini na kuishi huru kama wao, nao wakamfananisha na nafsi zao. Katika lugha ya Kikrioli cha huko, neno Ginen ndilo jina la Afrika ya mababu, makao ambako roho za wafu hurejea. Jina lililokuwa la sarafu likawa jina la nyumbani. Kwa bahati mbaya wanasiasa nao waliliona hilo: François Duvalier, aliyeitawala Haiti kwa mkono wa chuma kuanzia 1957 hadi 1971, alimfanya kanga kuwa alama ya siasa zake. Ndege aliyewakilisha watoro akawekwa upande wa waliowasaka.

MAHINDI NA BATA BUKINI

Itakuwa dhulma kuwalaumu Waingereza peke yao kana kwamba lugha nyingine hazina makosa. Kiswahili nacho kimewataja wageni kwa majina ya bandari. Zao linalomlisha mtu wa Kasansa, na ambalo kanga hulivizia, ni mahindi. Neno hilo lamaanisha kitu cha Uhindini, ilhali mahindi ni zao la Marekani, nchi ile ile ya bata mzinga. Wareno walilileta Afrika, lakini kwa mtu wa pwani ya Afrika ya Mashariki kila kigeni kilichokuja na merikebu kilionekana kama kimetoka upande wa Bara Hindi. Waingereza wa karne ya 16, kwa mantiki iyo hiyo, waliliita zao hilo ngano ya Uturuki, na Waitaliani hata leo huliita nafaka ya Kituruki. Vilevile Waswahili walimwita yule bata mkubwa wa kufugwa bata bukini, na Bukini ni jina la kale la Madagaska. Bata huyo hakuanzia Madagaska.

Basi tofauti iko wapi? Tofauti ni kwamba mahindi yalipofika pwani ya Waswahili hayakumkuta mwenyeji mwenye jina lake. Aliyeyapokea alikuwa na haki ya kuyaita alivyoona. Jina "mahindi" halikumfuata mkulima wa Meksiko shuleni kwake na kumwambia kuwa ndilo jina rasmi la chakula cha babu yake. Jina la kukosea halina madhara makubwa likibaki nyumbani kwa aliyekosea. Madhara huja linaposafiri na mtihani, na kitabu, na cheti, likamkuta mwenyeji na kumfanya aone kuwa jina lake ni la mtaani, na lile la mgeni ndilo la elimu.

MAJINA YA WATU JUU YA NDEGE

Katika nchi ya Katavi jambo hili lina mfano mwingine, wa karibu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Wajerumani watatu, Richard Böhm, Emil Kaiser na Paul Reichard, walikuwa wakizunguka nchi iliyo kusini mwa Tabora hadi maeneo ya Rukwa. Kaiser alifia karibu na ziwa Rukwa mwaka 1882. Böhm alifia Katanga mwaka 1884, kabla hajatimiza miaka 30 au punde tu baada ya hapo, kwani alizaliwa mwaka 1854. Katika muda wake mfupi alikusanya ndege wengi na kuwapeleka Berlin. Huko Anton Reichenow aliwachunguza, na mwaka 1882 keremkerem mmoja mwembamba wa rangi ya kijani akapewa jina la Kilatini la Merops boehmi. Kwa Kiingereza ndege huyo ni keremkerem wa Böhm. Yuko mbayuwayu-misitu mdogo wa Böhm, yuko na shore wa Böhm, na hata punda milia wa nchi hizi amepata kuitwa wa Böhm.

Hapana sababu ya kumdharau kijana aliyekufa kwa homa mbali na kwao akiwa na daftari lake mkononi. Lakini wapagazi waliobeba masanduku yake, na wawindaji waliomwonyesha ndege walipolala, nao walikuwa na majina ya ndege hao, na majina hayo hayakuingia katika orodha ya Berlin. Mjadala wa namna hii umefika hata Marekani: mwezi wa Novemba 2023, Chama cha Wanaonitholojia cha nchi hiyo kilitangaza kuwa kitayabadilisha majina ya Kiingereza ya ndege walioitwa kwa majina ya watu, kuanzia na ndege wa Marekani na Kanada. Uamuzi huo haugusi miombo ya Katavi.

Lakini Katavi yenyewe inatoa funzo. Jina la hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka 1974, limetokana na Katabi, mzimu ambao wenyeji waamini kuwa makao yake ni mkwaju ulio karibu na ziwa Katavi, na ambao watu wangali wakiupelekea sadaka. Wachora ramani walilisikia jina wakaliandika. Leo mkoa mzima unaitwa kwa jina la mzimu wa mahali, na mgeni atokaye Ulaya hulitamka bila ya taabu. Jina la wenyeji halikuwa kikwazo kwa elimu ya yeyote.

NGUO YENYE JINA

Turudi visiwani, ambako kanga ni nguo. Inasimuliwa kuwa katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso za mraba zilizokuwa zikiuzwa kwa jora, wakazikata sita sita, kisha wakazishona tatu juu na tatu chini kupata nguo moja. Baadaye wafanyabiashara waliagiza nguo nzima iliyochapwa mapema, na miongoni mwa zile za mwanzo kulikuwa na zenye vidoto vyeupe juu ya rangi iliyokoza. Aliyeziona kwanza akamkumbuka ndege, na nguo ikapata jina. Mombasa wengi waliendelea kuiita leso, kutokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkono. Huko ndiko Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana zaidi kwa jina la Abdulla, alikoanza biashara yake mwaka 1887. Katika Unguja, baada ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa, wanawake wengi waliokuwa wamevikwa kaniki na merikani waliziacha nguo hizo za unyonge, wakajivika kanga kwa fahari. Ndege asiyefugika alikuwa amepata wafuasi wengine.

Nguo hiyo ina pindo, ina mji, na ina maandishi chini ya mji. Waswahili huyaita maandishi hayo jina la kanga. Mwanamke hanunui doti mpaka ameulizia jina lake, kwa kuwa jina ndilo linalosema: humjibu jirani, humtuliza mume, humshukuru mama. Na "Kanga hazai ugenini" ni miongoni mwa majina yaliyopata kuandikwa juu ya kanga. Lugha yenye desturi kama hiyo haiwezi kusema kuwa jina ni kitu kidogo.

Hata hivyo, mtoto wa mjini Unguja leo huijua nguo na huenda hajapata kumwona ndege. Mtoto wa Kasansa huwajua wote wawili: mmoja kaufunga mama kiunoni akienda shambani, na mwingine yuko shambani anamngoja. Ndiye aliyebaki na maana nzima ya neno, kwa kuwa bado anaona kile alichokiona yule aliyeipa nguo jina. Pori likipungua na kanga wakiisha, neno litabaki na nusu yake, kama lilivyobaki Moroko, ambako kanga wa porini wanaaminika kuwa wametoweka na Numidia ikabaki katika Kilatini tu.

Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 za ndege. Wachache kati yao wana majina ya Kiswahili yaliyozoeleka vitabuni. Kwa walio wengi, atakaye kuwaandika hufungua kitabu cha Kiingereza akatafsiri, na pamoja na neno hutafsiri makosa, bandari na watu wa Berlin. Majina mengine yako Kasansa, Usevya, Mamba na Majimoto, katika vinywa vya wazee Wapimbwe na vya Wasukuma waliohamia huko na ng'ombe wao, na hayajaandikwa popote. Kuyaandika hakuhitaji msafara wala masanduku. Mwalimu aliyewaambia wanafunzi wake wakawaulize bibi zao majina kumi ya ndege atakuwa amefanya kazi ambayo Böhm hakuifanya.

Ama mwanafunzi aliyeitafuta Guinea katika atlasi, hana haja ya kulikataa neno la Kiingereza. Mtihani utamdai, na ulimwengu utamdai. Aliandike "guinea fowl" kama linavyoandikwa, akijua kwamba ni stakabadhi ya biashara ya kale, yenye jina la bandari ambayo ndege wake hakupandia. Kando yake aandike kanga, neno ambalo watu walikuwa nalo vinywani walipofika bonde la Rukwa, na ndege akawa yupo.